Jozi ya Thelathini na Moja

Kornelio alikuwa ameketi uani kwake, amelipasua buti la jozi ya arobaini na mbili kutoka kisigino hadi ncha, wakati wafuata nyayo walipoingia bila kubisha hodi. Walikuwa vijana kumi na wawili wenye mikuki na pinde, na mbele yao alitembea mzee Waitara, mwenye ng'ombe walioibwa, vumbi likiwa limempanda hadi magotini. Hakuna aliyesalimu. Katika nchi ya Wakurya mtu anayefuata ng'ombe wake hana wajibu wa kusalimu, na nyumba anayosimama mbele yake bila salamu hujua mara moja kwamba siku imeharibika.

"Kornelio," Waitara alisema, "ng'ombe wangu kumi na mmoja wameingia katika kijiji chenu. Nyayo zimepita kwenye matope ya josho, zikapotelea kwenye mawe. Aliyekuwa akiwaswaga amevaa hayo." Akanyoosha fimbo kuelekea magunia matatu yaliyoegemezwa ukutani.

Ndani ya magunia yale mlikuwa na mabuti na magwanda ya jeshi yaliyotupwa baada ya vita vya Uganda. Kapteni Odera, msimamizi wa bohari moja ya jeshi, alikuwa amesikia kwamba huko Nyanungu kuna fundi wa ngozi aliyefunzwa na mabruda wa misheni, mtu asiyekunywa na anayejua kuandika vizuri. Akamletea magunia na daftari. Kazi ilikuwa kukagua kila kitu, kupasua pale tu ambapo kasoro haikuonekana kwa nje, kuona mahali kilipoanza kuharibika na kwa sababu gani, na kuandika, ili jeshi lijue ni ngozi gani na uzi gani usinunuliwe tena. Kornelio alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miezi mitano kwa bidii ambayo mkewe aliilinganisha na ya padri kwenye kitabu chake.

"Hayo hayavaliwi na mtu," alijibu bila kusimama. "Ni maiti. Mimi natafuta yalikufa kwa ugonjwa gani."

"Basi maiti imeamka ikaiba ng'ombe," kijana mmoja alisema, na wenzake wakacheka.

Hapo Method akatokea mlangoni. Alikuwa mwana wa pekee wa Kornelio, aliyekwenda vitani akiwa mgambo na kurudi mwaka uliotangulia, amekonda, na kifundo cha mguu wa kulia kikiwa kimeungwa vibaya. Alikuwa amevaa shati la kijeshi lenye viraka. Vijana wakaacha kucheka.

"Na huyu je?" Waitara aliuliza, akamgeukia kijana. "Buti zako ziko wapi, mura?"

"Nilizirudisha kambini, mzee. Buti, mkanda, kofia, hata kijiko. Nilitia sahihi."

"Nani alikuona?"

"Jeshi."

"Jeshi! Liite basi lije liseme."

Ikumbukwe kwamba miaka ile hapakuwa na viatu madukani. Watu wote, wazee kwa vijana, walivaa makatambuga ya matairi, na sehemu kubwa ya makatambuga hayo ilikuwa imekatwa na Kornelio mwenyewe. Kila mtu alijua tairi la kila mtu. Mtoto wa miaka minane aliweza kutazama njia asubuhi na kusema ni nani aliyepita kwenda shamba na ni nani aliyepita kwenda kwenye pombe. Mwizi aliyevaa buti, kwa hiyo, alikuwa mwizi asiyetaka kujulikana. Na buti lilitoka katika nyumba moja tu.

Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Maswi, alifika akisukuma baiskeli yenye pancha. Alisikiliza pande zote mbili, akajifuta uso, kisha akasema jambo ambalo kila aliyekuwapo alilijua. Kijiji kilichoingiwa na nyayo lazima kizitoe nje ya mipaka yake. Kikishindwa, kilipe ng'ombe au kimtoe mtu.

"Ng'ombe kumi na mmoja kijiji hiki hakina," Maswi alisema. "Tutakutana Jumamosi pale pale joshoni. Mpaka siku hiyo Method asitoke nje ya ua huu."

"Na Jumamosi?" Kornelio aliuliza.

Mwenyekiti alitazama gurudumu la baiskeli yake. "Jumamosi mzee Waitara ataondoka na ng'ombe au ataondoka na mtu, Kornelio. Nifanye nini mimi?"

Watu waliotolewa kwa namna hiyo waliahidiwa kufikishwa polisi Tarime. Wachache sana walifika.

*

Adhabu ilianza kabla ya hukumu. Siku ya Alhamisi sabuni ililetwa katika duka la ushirika baada ya miezi miwili, na Ghati, mke wa Method, alipanga foleni pamoja na wanawake wengine. Ilipofika zamu yake, Kezia, mtunza duka, alipitisha kidole kwenye orodha ya kaya kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Jina lenu lipo," alisema. "Sabuni ndiyo haipo."

"Na hiyo iliyo nyuma yako ni nini, dada Kezia?"

"Hiyo ni ya watu wasiokuwa na wageni wenye mikuki."

Wanawake walicheka. Mmoja tu aliinamisha macho, naye pia alichukua mche wake akaenda zake. Kisimani ndoo ya Ghati ilirudishwa nyuma mara tatu, kwa mguu, kama mtu anavyosogeza kitu cha mbwa. Alirudi nyumbani na nusu ndoo ya maji yenye udongo. Agustina, mama mkwe wake, alipouliza, alijibu kwamba watu walikuwa wengi.

"Sabuni je?"

"Ilikwisha, mama."

Agustina hakuuliza tena. Tangu siku wafuata nyayo walipokuja, mama huyo ambaye sauti yake ilizoea kusikika nyumba ya tatu alikuwa amekuwa mkimya, na mumewe, aliyekuwa mwepesi wa kuona kasoro katika mshono, hakuiona hiyo.

Method hakula. Aliketi akiegemeza mgongo ukutani na uso mlangoni, kama alivyojizoeza vitani, na sahani ilipoondolewa alisema asante kwa adabu, kama mgeni.

*

Ijumaa Kornelio aliomba ruhusa ya kuutazama wayo. Maswi alikwenda naye. Wafuata nyayo walikuwa wamechagua alama mbili zilizo safi kuliko zote katika matope ya josho, ya kushoto na ya kulia, wakazifunika kwa vipande viwili vya chungu na kuvizungushia miiba. Vijana wawili wa Waitara walizilinda kwa zamu, pamoja na Sinda, mtu mzima mwenye jicho moja, ambaye alisifiwa kwamba alishawahi kumfuata ndama kutoka Nyanungu hadi Serengeti bila kupoteza hata hatua.

"Usiguse," Sinda alisema.

"Sitagusa."

Kornelio alifunga miwani yake kwa uzi nyuma ya kichwa, akapiga magoti, akainama hadi pua yake ikakaribia matope. Alianza na wa kushoto. Pale ambapo soli hukunjika mtu anapoinua mguu palikuwa na ufa, ulioanzia upande wa ndani na kwenda nje. Kisigino kilikuwa kimeliwa upande wa ndani. Misumari mitatu ilikuwa imetokeza, miwili pamoja na mmoja pembeni.

Maswi alidhani fundi anasali. Ukweli ni kwamba alikuwa amelitambua lile buti, kama mtu anavyoitambua sauti ya ndugu yake gizani. Alikuwa amelishika mikononi mwake. Alikuwa ameliandika.

Kisha akahamia kwenye wayo wa kulia. Hapo aliona kitu kingine ambacho hakikuwa cha buti, bali cha mguu uliokuwa ndani yake: chini ya dole gumba matope yalikuwa yamesokotwa, yakaacha kishimo cha mviringo, kana kwamba mwenye mguu ule alizima kipisi cha sigara kila alipopiga hatua.

"Umeona nini?" Maswi aliuliza.

"Nimeona mguu."

"Wa nani?"

"Nitasema Jumamosi."

"Kama ni wa mwanao?"

Kornelio alijipangusa magoti. "Nimekwambia nitasema Jumamosi."

Nyumbani hakuingia ndani. Alifungua daftari la Kapteni Odera uani, akasoma kwa mwandiko wake mwenyewe: *Jozi ya 31. Kushoto: soli imepasuka mahali pa kukunjia, kuanzia ndani. Kisigino kimeliwa ndani. Misumari mitatu imetokeza. Sababu: ngozi ya soli ilikatwa kinyume cha mlalo wake. Kulia: soli nzima, mshono umeoza kwa jasho. Haifai kuvaliwa.* Akayamwaga magunia yote matatu chini. Kila jozi ilikuwa imefungwa pamoja kwa kamba yenye namba. Ilikuwapo ya thelathini. Ilikuwapo ya thelathini na mbili.

"Usiendelee kutafuta," Agustina alisema nyuma yake. "Haimo."

Kornelio aligeuka.

"Ilikuwa mwezi wa nne tangu uanze kazi hii," Agustina aliendelea, akiwa amesimama wima, mikono ameibana kwapani. "Ulezi ulikuwa umekwisha. Alipita mwanamke mchuuzi, wa huko kwenye mnada, ana debe la ulezi. Akaona magunia. Nikampa jozi moja, akanipa debe. Simjui jina."

"Ulitoa mali ya serikali."

"Nilitoa takataka, Baba Method. Wewe mwenyewe uliandika hazifai."

"Niliandika hazifai kuvaliwa. Sikuandika hazifai kuhesabiwa."

"Ulikula," Agustina alisema. "Ulikula ule ugali wiki tatu, ukasifu. Hukuuliza umetoka wapi."

Mzee alianza kuyarudisha mabuti guniani, moja moja, kwa utaratibu wa namba.

"Kesho nitasema kwamba buti limetoka katika nyumba hii," alisema hatimaye.

"Umerukwa na akili? Wanasubiri neno hilo tu! Ukisema buti ni letu, umemfunga mwanao kamba wewe mwenyewe ukawakabidhi."

"Nikificha buti, nikasimama kueleza habari za mguu, nitakuwa nimesema nusu. Siwezi kuwaomba watu waamini nusu."

"Kwa hiyo ukweli wako ni mkubwa kuliko mtoto?"

Method alikuwa amesimama mlangoni; hawakujua ni tangu lini. "Mwache aseme, mama," alisema. "Ila, baba, una hakika na huo mguu?"

"Nina hakika kwamba si wako."

"Unajuaje?"

"Wewe unakanyagia ukingo wa nje, tangu kifundo kilipovunjika. Ukichoka unaburuza. Ukiwa peke yako unaburuza zaidi." Kornelio alifunga mdomo wa gunia. "Mguu wako nimeutazama kila siku tangu uliporudi."

Method alitazama chini. Kwa mwaka mzima aliamini kwamba baba yake hakuwa ameona lolote.

*

Jumamosi asubuhi watu walijaa joshoni, wazee mbele, vijana nyuma yao, wanawake mbali kidogo karibu na stoo ya dawa. Method aliketishwa chini kati ya vijana wawili wa Waitara waliomshika mikono ingawa hakujaribu kwenda popote. Kornelio alivaa koti lake la kanisani, akiwa na daftari kwapani.

"Wazee, shikamooni. Ndugu Mwenyekiti," alianza, "buti lililokanyaga hapa ni jozi ya thelathini na moja. Imeandikwa humu. Ilikuwa katika dhamana yangu, ikatoka katika nyumba yangu, na sikujua kwamba imetoka. Kosa hilo ni langu, nami nitamwandikia Kapteni mwenyewe."

Makelele yalizuka. "Amekiri!" "Mchukueni!" Waitara alisimama na kuinua fimbo, na vijana wawili wakaanza kumwinua Method.

"Ni mimi niliyezitoa!"

Sauti ilitoka upande wa wanawake. Katika mkutano wa namna ile mwanamke hasemi asipoulizwa, na watu walinyamaza kwa mshangao zaidi kuliko kwa adabu. Agustina alikuwa ametoka mbele, kitenge amekifunga kiunoni kwa nguvu.

"Nilizibadili kwa debe la ulezi kwa mchuuzi wa mnadani. Kama kuna mwizi katika nyumba ile, ni mimi, na niliiba kwa njaa. Mtoto wangu hakujua. Nimemaliza."

"Mchuuzi gani?" Waitara aliuliza kwa kejeli. "Ana jina huyo?"

"Simjui jina."

"Bila shaka humjui."

Maswi aligonga bati kwa jiwe hadi watu wakatulia. Kornelio alikuwa bado amesimama pale pale. "Sijamaliza," alisema. "Nimewaambia habari za buti. Sasa nawaambia habari za mguu. Mguu uliokuwa ndani ya buti hili si wa Method."

"Buti la jeshi ni buti la jeshi," alisema Nyamhanga, mwana mkubwa wa Waitara, kijana mrefu aliyesimama karibu na baba yake. "Yote yametoka kiwanda kimoja. Halina mwenyewe hilo, si kama katambuga. Utaona mguu wa nani ndani yake?"

Wengi waliitikia kwa vichwa. Hilo ndilo waliloliamini wote.

"Nijaribuni," Kornelio alisema. "Nimeleta jozi ya kumi na tisa, ambayo bado inashika. Chagueni watu sita, Method akiwa mmoja wao. Wavae jozi hii hii kwa zamu, kila mmoja apite hatua kumi kwenye matope. Mimi nifungieni stoo. Nikitoka nitawaambia kila alama ni ya nani. Nikishindwa, mchukueni."

Agustina aliziba uso kwa mikono. Wazee walinong'onezana, wakakubali. Baadhi yao, ni lazima isemwe, kwa sababu walitaka kuona mchezo. Walichaguliwa Mwenyekiti Maswi, balozi wa nyumba kumi Nchagwa na mdogo wake Kisiri, mwalimu Selestine wa shule ya msingi, mzee Waitara mwenyewe na Method. Kornelio alitajiwa majina hayo, akafungiwa ndani ya stoo yenye harufu kali ya dawa ya kupe.

Nje kicheko kilianza licha ya uzito wa siku. Maswi alipovaa buti, watu walimpigia saluti. Nchagwa alipoteza moja kwenye matope, akabaki amesimama kwa mguu mmoja kama korongo.

"Balozi, vita vimekwisha!" mtu alipiga kelele.

"Wewe subiri, nitakukumbuka kwenye orodha ya sukari!"

Ilipofika zamu ya Waitara, mzee alikunja uso. Hakutaka kuonekana akivaa buti la mtu mwingine mbele ya vijana wake, tena alikuwa amewaza hila ndogo. "Magoti yananiuma," alisema kwa sauti ya chini. "Nyamhanga, vaa wewe, pita badala yangu. Tuone huyo fundi atasema nini."

Nyamhanga alitazama mabuti, akatazama watu. Kukataa kungeonekana vibaya. Isitoshe aliamini kwa moyo wote neno alilokuwa amelisema, kwamba buti halina mwenyewe. Akavaa, akapita, akavua.

Kornelio alitolewa stoo. Alipita polepole kando ya safu ya kwanza, miwani imefungwa kwa uzi.

"Huyu anakanyagia katikati ya wayo, pale pedali inapokaa. Ni mwenye baiskeli. Maswi."

"Ee!" watu walisema.

Alipita safu ya pili na ya tatu, akarudi, akapita tena. "Hizi mbili zimenishinda. Ni watoto wa mama mmoja. Wote wawili wanatupa ncha nje kama bata. Mmoja ni Nchagwa na mmoja ni Kisiri, lakini yupi ni yupi sijui."

Kicheko kikubwa kilipasuka. Kisiri alimpiga kaka yake mgongoni. Ajabu ni kwamba kukiri huko kuliwafanya watu wamwamini kuliko kama angepatia.

"Huyu anatembea kama anayeogopa kuchafua suruali. Mwalimu." Selestine alikohoa. "Na huyu hapa ni Method. Tazameni wenyewe: uzito wote uko ukingoni nje, na kulia panaburuzwa. Nendeni kwenye chungu mkatafute alama ya namna hiyo. Haipo."

Alifika safu ya sita. Alisimama. Akapiga magoti, akakaa vile mpaka watu wakaanza kusogea kuona.

"Sema!" Waitara alisema. "Huyo ni nani?"

"Niliambiwa wewe umo. Wewe unatanguliza kisigino, Waitara. Nimekukatia makatambuga miaka ishirini, na kila mara kisigino ndicho kinachokufa kwanza. Huyu si wewe." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Sijui mmemweka nani hapa. Ndugu Mwenyekiti, ondoa chungu cha kulia. Sitasema neno. Sinda na aje aone."

Chungu kiliondolewa. Sinda alichutama juu ya wayo wa mwizi kwa jicho lake moja, akasimama, akaenda kuchutama juu ya safu ya sita. Akarudi. Akaenda tena. Chini ya dole gumba, hapa na kule, matope yalikuwa yamesokotwa kishimo kile kile cha mviringo. Alipima kwa kijiti, akakivunja kwa urefu huo, akakileta kwenye alama ya pili. Kiliingia kama ufunguo.

Alikuwa mtu wa Waitara, aliyelishwa na Waitara siku zote za msako huo, na kila mtu aliona jinsi neno lilivyomwia zito.

"Mzee," alisema, "ni huyu."

Hakukuwa na haja ya kutaja jina, kwa kuwa wote walikuwa wamemwona akivua yale mabuti. Nyamhanga alirudi nyuma hatua moja. Halafu, badala ya kukimbia, alimtazama baba yake usoni.

"Hao ni badala ya ng'ombe wa dada yangu Wegesa," alisema. "Kumi na mmoja. Dada yangu aliolewa kwa ng'ombe kumi na mmoja, na kila mtu hapa anajua kwamba ng'ombe wa Wegesa walikuwa wa kuniolea mimi mke. Umeoa nao mke wa tatu, baba. Nina miaka thelathini na mmoja. Nimekuomba mara ngapi?"

"Wako wapi?" Waitara aliuliza kwa sauti isiyosikika vizuri.

"Kwa mjomba, huko Matongo. Wote wazima. Buti nilinunua mnadani kwa mama mmoja muuza ulezi, nisijulikane njiani. Sikujua kwamba Method atashikwa. Nilipojua, niliogopa."

"Ungeniacha nimwue mtoto wa mtu," Waitara alisema. Aliketi chini kwenye matope, mbele ya watu wote, yeye aliyekataa kuvaa buti kwa ajili ya heshima yake. "Kwa ng'ombe walioko kwa shemeji yangu."

Wazee waliliweka shauri la baba na mwana kwa ukoo wao, kwa kuwa ng'ombe wa dada ni haki ya kaka na hapakuwa na mmoja wao aliyethubutu kumwita Nyamhanga mwizi bila kumtazama Waitara kwanza. Lakini walimtoza kijana ng'ombe mmoja kwa kukiingiza kijiji cha watu katika hatari, naye hakupinga. Maswi alisimama juu ya ukuta wa josho, akatangaza kwa maneno ya desturi kwamba nyayo zimetoka katika kijiji, na kwamba kila nyumba iseme na kila nyumba, asitengwe mtu tena.

Vijana wawili walikuwa bado wamemshika Method. Ilibidi Maswi aongeze, "Na nyie, mwachieni huyo! Mmeganda?" Walimwachia kwa haya. Mmoja alimpangusa udongo mgongoni.

*

Walirudi nyumbani kwa njia ya mashambani, Kornelio mbele, Method nyuma yake, kisha wanawake wawili. Jua lilikuwa limepanda. Ghati alilia njia nzima bila sauti, akitabasamu, na kila alipofuta machozi yalikuja mengine.

Kwenye kijito kisicho na maji Kornelio alisimama kama mtu aliyesahau kitu. Kisha akateremka taratibu, koti la kanisani likikunjamana, hadi akawa ameketi kwenye mchanga, daftari likiwa mapajani.

"Baba!"

"Si kitu. Nimechoka tu."

"Umeumia?"

"Nimesema nimechoka. Hebu niacheni kidogo." Aliligeuza daftari mapajani. "Nilipofika safu ya pili na ya tatu," alisema, "sikuona kitu. Matope tu. Kwa muda fulani sikuona kitu kabisa. Nikafikiri, basi, nimemuua."

"Ulisema ni watoto wa mama mmoja," Method alisema.

"Ningesema nini kingine?"

Agustina ndiye aliyeanza kucheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha kukosa pumzi, na kilimshika Method, kikamshika Ghati, na mwishowe mzee mwenyewe, ambaye watoto wa kijiji kile waliapa kwamba hana meno kwa kuwa hakuna aliyewahi kuyaona.

"Barua ya Kapteni utaandika kesho," Agustina alisema alipoweza. "Useme ni mimi. Na ulezi useme."

"Nitasema."

"Atatufunga?"

"Sijui, Mama Method. Labda atauliza kama ulikuwa mzuri, huo ulezi."

Method aliinama, akamshika baba yake chini ya kwapa. Tangu alipotahiriwa hawakuwa wamegusana ila kwa kupeana mkono. Mzee alikuwa mwepesi, lakini mchanga ulikuwa laini na kifundo kibovu cha Method kilikataa kubeba uzito wote. Ghati alipiga hatua kusaidia, akanyoosha mkono, kisha akaurudisha haraka na kugeuza uso, kwa kuwa mke wa mwana hamgusi baba mkwe wake, hata siku kama hiyo.

Kornelio aliona. Alitafuta kando yake, akapata fimbo kavu iliyoachwa na maji ya masika, akaisafisha kwa kiganja, akanyoosha ncha moja kuelekea alipokuwa mkwe wake.

"Vuta," alisema.

Ghati aliishika fimbo kwa mikono miwili, akavuta. Method alisukuma kutoka nyuma. Na yule mzee mkali akasimama.